JUA LA MCHANA LISIPOTEE BURE

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu juu ya umeme wa jua na maji ya moto majumbani, iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi katika Mkutano Mkuu wa kutimiza miaka 10



Waliotutangulia kusema wamekwisha kueleza safari ya miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, nasi hatutayarudia maneno yao. Halmashauri imetuagiza tuseme juu ya jambo moja tu, ambalo linangoja kura yenu alasiri ya leo. Jambo lenyewe ni hili: je, Chama Kikuu kiwadhamini wanachama wapate paneli za umeme wa jua kwa mkopo, na mkopo huo ukatwe kila mwezi katika malipo yao ya maziwa? Na la pili, lililoambatana na la kwanza: je, mkopo huo uhusu pia matangi ya kupashia maji kwa umeme unaozidi?

Katika vyama vya msingi jambo hili limesemwa sana. Wako wasemao kuwa mwenye paneli amepata umeme wa bure hata kufa kwake. Wako wengine wasemao kuwa paneli ni vioo vya kuwatolea watu fedha. Sisi twaona kuwa kila upande umesema kwa kutazama nyumba moja ya jirani. Nyumba moja haiwezi kuwa kipimo cha nyumba zote. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tufungue daftari.

SWALI LA KWANZA: WAYA UKO WAPI?

Kabla mtu hajauliza bei ya paneli, na aulize waya wa TANESCO uko umbali gani kutoka mlangoni kwake. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanzishwe kwa Sheria ya mwaka 2005, waya zimefika vijiji vingi ambavyo zamani vilikuwa gizani. Katika miradi ya vijijini Serikali ilitangaza ada ya kuunganishwa ya shilingi 27,000. Fedha hiyo haitoshi hata kununua betri moja kubwa. Kwa hiyo mtu ambaye nguzo imesimama karibu na ua wake asikimbilie mkopo wa paneli kabla hajafika ofisi ya TANESCO na kuuliza.

Kadhalika mtu aliyekwisha kuunganishwa na aitazame risiti yake ya LUKU. Kwa agizo la bei la EWURA la mwaka 2016, nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi iliwekewa bei ya shilingi 100 kwa uniti, na mtumiaji wa kawaida aliye juu ya hapo shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Tofauti hii ni kubwa, na ndiyo inayopotosha watu wanapohesabu. Tuchukue mfano. Mtu wa bei ya shilingi 100 aweka paneli, betri na inveta kwa gharama, tuseme, ya shilingi 1,500,000. Zikimpa uniti 36 kwa mwezi, ameokoa shilingi 3,600. Ili fedha yake irudi itamlazimu angoje miaka 34 na zaidi, na betri itakuwa imekufa mara nyingi kabla ya hapo. Mtu huyo akitaka paneli kwa sababu umeme wa waya hukatika mara kwa mara, hiyo ni hoja halali. Lakini asidanganyike kuwa anaokoa fedha.

Maneno yetu yatakayofuata, basi, ni hasa kwa wanachama wanaokaa mabondeni na milimani ambako nguzo hazijafika. Hao ndio walioleta maombi mengi ofisini. Huko hakuna shirika la kuliuzia umeme unaozidi. Kisichotumika mchana huo kimepotea.

HESABU YA NYUMBA MOJA

Twawaomba wajumbe watuvumilie, kwa maana sasa tutasoma tarakimu. Uniti moja ya umeme ni kazi ya wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Taa ya wati 7 ikiwaka saa 5 imekula wati-saa 35.

Tuitazame nyumba ya mkulima wa maziwa mwenye watoto wanaosoma. Ana taa 5 za wati 7, zinazowaka saa 5: jumla wati-saa 175. Televisheni ya wati 40 kwa saa 4: 160. Redio ya wati 10 kwa saa 6: 60. Simu 4: kama 40. Jokofu dogo lisilokula sana, ambamo huhifadhiwa maziwa ya jioni: kama 600. Jumla yake ni 1,035. Tukiongeza kile kinachopotea ndani ya inveta, yaani chombo kigeuzacho umeme wa betri uwe kama ule wa waya, twafika wati-saa 1,200, au uniti 1.2 kwa siku.

Sasa tuutazame upande wa jua. Nchi yetu ya Tanzania hupata, kwa wastani, uniti 4 hadi 7 za nguvu ya jua kwa kila mita moja ya mraba kwa siku. Paneli za wati 1,000, siku ya jua jema, zingeandikwa kwenye karatasi kuwa zatoa uniti 5. Lakini joto la paneli, vumbi, nyaya na betri hula sehemu yao. Mwenye busara atahesabu uniti 3.5.

Hapo msikilizaji atauliza: kama nyumba yala uniti 1.2, kwa nini iwekewe paneli za kutoa uniti 3.5? Je, si kumwibia mkulima? Jibu liko katika mvua. Mvua zetu hapa Njombe huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Siku ya mawingu mazito paneli hizo hizo hutoa theluthi moja tu, au hata pungufu ya hapo. Theluthi ya 3.5 ni kama uniti 1.2, kiasi kile kile cha nyumba. Aliyepima paneli zake kwa siku nzuri atakaa gizani msimu wa mvua, na maziwa ya jokofuni yataharibika. Kwa hiyo fundi mwaminifu hupima kwa siku mbaya, na siku nzuri ziada hutokea yenyewe.

ZIADA HUTOKA WAPI, NA HUENDA WAPI?

Twaomba jambo hili lieleweke vema, maana ndilo kiini cha hotuba yetu. Siku ya jua, tangu asubuhi paneli huijaza betri. Ikifika saa 6 au saa 7 mchana, betri imejaa. Hapo kidhibiti cha chaji, ambacho ni kama mlinzi wa betri, hufunga mlango ili betri isiungue. Jua laendelea kuwaka, paneli ziko juu ya bati, lakini umeme hauna pa kwenda. Katika mfano wetu, uniti 2.3 hupotea siku ya namna hiyo, yaani karibu theluthi mbili ya nguvu ambayo mwanachama ataikatwa fedha za maziwa kuilipia.

Wengine husema: basi tuongeze betri. Hesabu yake ni hii. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 200 huweka uniti 2.4, lakini haifai kushushwa chini ya nusu ikiwa mwenyewe ataka idumu. Kwa hiyo, ili kuiweka ziada ile, zahitajika betri 2 za aina hiyo juu ya zile za kwanza. Betri za lithiamu huvumilia kushushwa zaidi na hudumu zaidi, lakini bei yake ni kubwa. Na betri iliyoongezwa siku za jua haisaidii sana wiki ya mvua, kwa sababu hapo hakuna cha kuijazia.

MAJI NI GHALA

Liko ghala jingine, nalo mkulima analo tayari: maji. Kuipasha lita moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi hutumia wati-saa 1.163. Hesabu hii haibadiliki kwa tajiri wala maskini. Maji yetu ya baridi na tuseme ni nyuzi 15, nasi twataka yafike nyuzi 60. Tofauti ni nyuzi 45. Lita 40 zitahitaji uniti 2.1. Ziada yetu ilikuwa 2.3. Yaani ziada ya mchana mmoja wa jua yatosha kupasha tangi la lita 40, na kidogo kitabaki kwa joto linalotoka kupitia kuta za tangi.

Lita 40 za nyuzi 60, zikichanganywa na maji baridi, hutoa lita 72 za maji ya kuogea ya nyuzi 40. Kwa familia yenye watoto, katika nchi iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa Juni na Julai, hayo si maji machache.

Tena yafaa tujue maji hayo sasa hivi yanapashwa na nini. Yanapashwa na kuni. Kilo moja ya kuni kavu ina nguvu ya kama uniti 4, lakini mafiga matatu huipa sufuria kama sehemu moja tu katika saba au nane. Nyingine huenda na moshi na upepo. Basi uniti 2.1 ndani ya maji zahitaji takriban kilo 4 za kuni. Mwaka ukiwa na siku 250 za jua, hizo ni kilo 1,000, tani moja nzima. Tani hiyo haikatwi katika malipo ya maziwa, wala haiandikwi katika daftari lolote la ofisi yetu, kwa sababu yabebwa kichwani na mama wa nyumba na binti zake. Jambo lisiloandikwa halikosi kuwa gharama. Twaomba wajumbe walikumbuke hilo wanapopiga kura.

Hata hivyo, ghala hili lina mpaka wake. Maji ya moto hayawashi taa. Joto likishaingia majini halirudi kuwa umeme. Kwa hiyo taa, simu na jokofu vitangulie, betri ijae, kisha ndipo maji yapewe kinachobaki. Mtu atakayeunganisha hita ya maji moja kwa moja na betri, bila chombo cha kungoja hadi ijae, ataikuta nyumba yake gizani saa 2 usiku na betri yake ikifa kabla ya wakati.

Tena si kila nyumba ina ziada. Nyumba ya taa, redio na simu yatosheka na paneli ya wati 100. Paneli hiyo, hata ikipewa maji peke yake mchana kutwa, ingepasha lita 6 tu. Mwenye nyumba ya namna hiyo asinunue tangi.

NJIA NYINGINE ZA KUPASHIA MAJI KWA JUA

Tusidhani kuwa umeme ndio njia pekee. Kupasha maji kwa jua kulitangulia paneli za umeme. Mwaka 1891 Clarence Kemp wa mji wa Baltimore, Marekani, alipewa hataza ya chombo chake: matangi yaliyofungwa ndani ya sanduku lenye kioo, yakiota jua juu ya nyumba. Paneli ya silikoni iliyofaa kwa kazi ilionyeshwa na maabara za Bell mwaka 1954, nayo iligeuza kama sehemu 6 tu katika 100 za nguvu ya jua kuwa umeme. Paneli za leo hugeuza sehemu 20 na zaidi. Lakini mtambo mzuri wa kupasha maji moja kwa moja huchukua nusu ya nguvu ya jua au zaidi ya hapo.

Maana yake ni nini kwetu? Ni kwamba mtu anayetaka maji ya moto tu asinunue paneli. Na anunue mtambo wa maji, ambao kwa mita 2 za mraba utamfanyia kazi ambayo paneli zingeifanya kwa mita 5. Ila katika sehemu za juu ambako sakitu huonekana alfajiri, na aulize kwanza kama mabomba ya mtambo huo yatastahimili baridi, maana maji yakiganda hupasua bomba. Na asiye na fedha ya mtambo aanze na pipa lililopakwa rangi nyeusi, lililofungwa ndani ya sanduku lenye kioo juu, likielekezwa kaskazini. Maji yake hayatachemka, lakini yatapata uvuguvugu, na kila nyuzi joto inayotolewa na jua ni ukuni mmoja uliobaki msituni.

Tangi la umeme lafaa hasa pale ambapo paneli zimekwisha kununuliwa kwa kazi nyingine, na ziada imeonekana.

HATARI ZISIZOONEKANA

Yatupasa kusema wazi juu ya hatari, kwa maana umeme na maji ni ndugu wasiopaswa kulala chumba kimoja bila mlinzi.

Kwanza, hita nyingi za dukani ni za wati 1,500 hadi 3,000. Paneli za wati 1,000 na inveta ndogo haziziwezi. Nyumba ya mfano wetu yahitaji hita ya wati 500 au 600, pamoja na swichi inayoiwasha pale tu betri inapokuwa imejaa.

Pili, umeme utokao kwenye paneli bila kupita katika inveta ni wa mkondo mmoja. Swichi ya joto iliyotengenezwa kwa umeme wa waya haiwezi kuukata salama: cheche yake haizimiki upesi, nayo huyeyusha swichi na kuwasha moto. Asije fundi wa mitaani akasema kuwa swichi ni swichi.

Tatu, tangi lililofungwa kila upande bila valvu ya kutolea shinikizo laweza kupasuka. Tangi liwe na valvu hiyo, au liwe na bomba wazi juu. Pia waya wa ardhi usikosekane.

Nne, maji ya nyuzi 60 humchoma mtu mzima ndani ya sekunde chache, na mtoto upesi zaidi. Lakini pia maji yakikaa vuguvugu siku nyingi ndani ya tangi huzaa vijidudu vya maradhi ya mapafu, ndiyo sababu wataalamu hushauri yafikishwe nyuzi 60. Basi yapashwe sana, kisha yachanganywe na ya baridi kabla ya kumfikia mtoto.

Tano ni ulaghai. Katika chama kimoja cha msingi mwanachama aliuziwa na mchuuzi paneli iliyoandikwa wati 300, na usiku taa zake hazikufika saa 3. Paneli ile upana wake haukufika hata nusu mita ya mraba. Kipimo cha kumkinga mtu ni rahisi. Jua kamili hutoa takriban wati 1,000 kwa mita moja ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kama sehemu ya tano au zaidi kidogo. Basi mita moja ya mraba haizidi sana wati 200 hadi 230. Mwenye kamba ya kupimia na darasa la hesabu aweza kumkamata mwongo kabla hajatoa fedha. Paneli ya wati 300 isiyofika mita moja ya mraba na irudishwe ilikotoka.

Na jambo moja la mwisho hapa: sisi tuko kusini mwa ikweta. Paneli zetu huelekezwa kaskazini, zikiinama nyuzi 10 hadi 15 ili zipate jua na mvua izioshe. Mwenye kuiga picha za nyumba za Ulaya, ambako huelekezwa kusini, atapoteza sehemu ya mali yake kila siku.

MAZIWA YETU

Bwana Mwenyekiti, huenda mtu akasema kuwa maji ya kuoga ni anasa, na Chama hiki ni cha maziwa. Tutajibu kwa maziwa.

Kila mjumbe hapa anajua uchungu wa ndoo iliyorudishwa kutoka kituo cha kukusanyia maziwa. Ng'ombe amelishwa, amekamuliwa alfajiri, mtu ametembea gizani, na karani wa kituo amepima na kusema hayafai. Mara nyingi ng'ombe hana kosa. Kosa liko katika chombo kilichooshwa kwa maji baridi, kwa kuwa kuni zilikuwa zimeloa au zilikuwa chache.

Chombo cha maziwa husuuzwa kwanza kwa maji baridi au ya vuguvugu, kwa maana maji ya moto yakitangulia huyagandisha mabaki ya maziwa yakashika ukutani. Kisha husuguliwa kwa maji ya moto na sabuni, husuuzwa tena, halafu huinamishwa juu ya kichanja kikaukie juani. Kiwele nacho huoshwa kwa maji ya vuguvugu na kitambaa safi kabla ya kukamua. Kwa kazi hizo zote, lita 10 za maji ya moto kila asubuhi na kila jioni zatosha nyumba ya ng'ombe wawili au watatu. Kumbe tangi letu la lita 40 hutimiza haja ya maziwa na bado huwabakizia watoto. Tangi lililofunikwa vizuri kwa sufi au kwa maranda makavu hutunza joto la mchana hadi alfajiri, saa ile ya kukamua.

KUKOPA NA KULIPA

Sasa twaja kwenye lililo zito. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Mkopo ukidhaminiwa na Chama, anayeshindwa kulipa humwachia jirani yake deni. Na mkulima aliyezidiwa na makato, jambo la kwanza auzalo ni mtamba wake. Tutakuwa tumempa taa na kumwondolea ng'ombe aliyekuwa anailipia taa hiyo.

Kwa sababu hiyo Halmashauri inaleta mbele yenu mapendekezo haya:

1. Chama kidhamini mkopo wa paneli kwa nyumba zisizofikiwa na waya, na kila mwombaji ajaze karatasi ya hesabu kama tuliyoisoma leo. Karatasi hiyo itiwe sahihi na bwana na bibi wa nyumba, wote wawili. Pale ambapo nyumba yaongozwa na mjane, sahihi yake yatosha.

2. Makato yasizidi robo ya malipo ya maziwa ya mwezi. Miezi ambayo ng'ombe amekaushwa kungoja kuzaa, makato yashuke pamoja na maziwa, na muda wa kulipa urefushwe.

3. Vifaa vinunuliwe kwa pamoja kwa zabuni ya wazi, vyenye alama ya Shirika la Viwango na dhamana ya maandishi. Kila paneli ipimwe ukubwa na umeme wake mbele ya mjumbe wa chama cha msingi kabla fedha haijatolewa, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni.

4. Tangi la maji lisitiwe katika mkopo wa kwanza. Mwanachama aandike katika daftari, kwa kiangazi kimoja na mvua moja, ni saa ngapi betri yake hujaa kila siku. Kidhibiti cha chaji humwonyesha jambo hilo. Akiona kuwa siku nyingi betri imejaa kabla ya saa 8 mchana, ana ziada, naye aweza kuomba mkopo mdogo wa tangi. Akiona haijai hata jioni, ametuokolea sisi na yeye mwenyewe gharama isiyo na faida.

Tunajua kuwa pendekezo la nne halitawafurahisha wote. Wako waliotuambia: kwa nini tungoje mwaka mzima, na kuni twazibeba leo? Neno lao ni la haki, wala hatulipuuzi. Jibu letu ni kwamba pipa jeusi la Bwana Kemp halihitaji mkopo wala kura, laweza kuanza kesho kutwa, na vyama vya msingi vyaweza kutengeneza moja la mfano katika kila kituo cha maziwa ili watu walione. Tangi la umeme lije baada ya ushahidi. Ushahidi huo uko mikononi mwa mwanachama mwenyewe na kalamu yake.

Mabibi na mabwana, chama cha ushirika hakianzishwi ili kila mtu apate kile alicho nacho jirani. Huanzishwa ili mnyonge asinunue peke yake, asidanganywe peke yake, wala asidaiwe peke yake. Kwa miaka 10 tumepima maziwa kwa kipimo kimoja kwa wote, mwenye lita 2 na mwenye lita 40. Leo twaombwa tulipime jua kwa uaminifu ule ule. Jua halina mwenyewe, lakini paneli ina mwenyewe, na deni lina mwenyewe. Atakayehesabu kabla ya kukopa atapata taa usiku, maji ya moto alfajiri, na ng'ombe wake atabaki zizini.

Tunayaweka mapendekezo haya mbele yenu myajadili na kuyapigia kura. Karatasi za hesabu ziko mezani kwa karani. Kila mjumbe na achukue za kutosha chama chake kabla ya kuondoka.

Ushirika wetu na udumu.